Ugonjwa Usio na Kelele: Majina ya Huzuni na Wasiwasi katika Historia ya Tiba Mjini Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna sonona na wasiwasi vilivyotajwa, vilivyonyamaziwa na vilivyotafutiwa tiba mjini Bujumbura tangu kuanzishwa kwa kituo cha Kamenge mwaka 1981. Hoja yake ni kwamba mtu hutafuta tiba ya jambo ambalo lugha yake inalihesabu kuwa ugonjwa. Mjini Bujumbura wazimu ulihesabiwa hivyo mapema, kiwewe cha vita kikafuata, lakini huzuni nzito iliachiwa familia na dini ingawa ilikuwa na jina lake. Makala yanahoji kama istilahi za Kiswahili zinazosanifiwa leo kwa ajili ya kanda nzima zitaliziba pengo hilo au zitalipanua.

Utangulizi

Mojawapo ya madodoso yanayotumiwa sana duniani kupima sonona lina maswali 9, na yote huuliza juu ya wiki 2 zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, kukosa raha, kujiona hufai, hata mawazo ya kifo. Kwa Kiswahili limejaribiwa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI (Monahan na wenzake, 2009). Kabla yake, Sylvia Kaaya na wenzake (2002) walihakiki jijini Dar es Salaam dodoso jingine, lenye vipengele 25 vya wasiwasi na sonona, kwa wajawazito wenye virusi hivyohivyo. Kazi zote mbili ni za thamani kubwa. Hata hivyo, hakuna iliyomlenga msemaji wa Kiswahili wa Buyenzi au Bwiza, ambaye Kiswahili chake kimekua kati ya Kirundi, Kifaransa na lugha ya wafanyabiashara wa upande wa pili wa Ziwa Tanganyika.

Nilipopitia nakala moja ya Kiswahili pamoja na muuguzi wa Bujumbura, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi, alisimama kwenye neno sonona na kuniuliza maana yake. Nilimweleza kwamba kitenzi chake hutumika kwa kidonda kinachouma kwa ndani, na kwamba Watanzania wamekihamishia kwenye nafsi. Alifikiri kidogo, kisha akasema: "Basi wangesema kidonda." Lilikuwa jibu la mzaha, lakini limenifanya nirudi nyuma na kuuliza swali la kihistoria: katika mji huu, ni maumivu gani ya nafsi yaliyowahi kupewa jina linalomfikisha mtu kwa tabibu, na ni yapi yaliyopewa jina linalomwacha nyumbani?

Waliopelekwa na waliobaki nyumbani

Hadi mwaka 1916 Burundi ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Katika koloni hilo, wagonjwa wa akili walitunzwa na wamisionari huko Lutindi, katika milima ya Usambara, tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa mtu wa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, Lutindi ilikuwa ng'ambo ya ziwa na mwisho mwingine wa nchi. Upande wa Waingereza, hifadhi ya wagonjwa wa akili ya Nairobi, ambayo baadaye iliitwa Mathari, ilifunguliwa mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma ikafuata mwaka 1927. Majina ya Mathari na Mirembe yaliingia katika lugha ya mtaani kama matusi, na hadi leo mtu hutishiwa kupelekwa huko. Tusi hilo lina maana kwa hoja yetu, kwa sababu linatuonyesha ni nani aliyedhaniwa kustahili kupelekwa: anayevua nguo sokoni, anayerusha mawe, anayezungumza peke yake barabarani. Aliyelala chumbani akikabili ukuta hakupelekwa popote.

Hapo ndipo lilipozaliwa kosa ambalo taaluma ya tiba ilichukua muda mrefu kulisahihisha. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza Mathari kuanzia mwaka 1938 hadi 1950, alihesabu waliolazwa na kukuta wenye sonona ni wachache. Akahitimisha kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na akaeleza kwamba Mwafrika hana mazoea ya kujibebesha lawama binafsi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha taarifa yake juu ya akili ya Mwafrika, na maoni hayo yakapata hadhi ya sayansi. Mbali na ubaguzi ulio wazi, hoja ilikuwa na udhaifu wa kimantiki ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuona: Carothers aliwahesabu walioletwa na polisi na machifu kwa sababu ya fujo, kisha akashangaa kutowaona wasiofanya fujo. Margaret Field, aliyekaa kwenye madhabahu ya waganga nchini Ghana na kuchapisha kitabu chake mwaka 1960, aliwakuta wanawake wengi wenye sonona, tena wakijilaumu vikali. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walitoa matokeo ya uchunguzi wa vijiji 2 vya Uganda uliofanywa nyumba kwa nyumba: sonona ilikuwa imeenea zaidi huko kuliko miongoni mwa wanawake wa kusini-mashariki mwa London waliolinganishwa nao. Jambo la msingi lililobadilika kati ya Carothers na Orley ni mahali pa kuhesabia: mmoja alihesabu hospitalini, mwingine nyumbani.

Burundi ilipata kituo chake cha tiba ya akili mwaka 1981, pale Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, chini ya shirika la Kikatoliki la Frères de la Charité. Shirika hilo lilianzishwa Gent, Ubelgiji, mwaka 1807. Inafaa kukumbuka hapa, ingawa ni kando kidogo ya mada, kwamba Joseph Guislain, daktari wa karne ya 19 aliyefanya kazi na mabruda hao mjini Gent, alifundisha kwamba chanzo cha kila ugonjwa wa akili ni maumivu ya nafsi, yaani huzuni, na kwamba wazimu wenye kelele ni hatua ya baadaye tu. Kama fundisho hilo lingesafiri pamoja na mabruda hadi Kamenge na kuingia katika lugha ya watu, huenda historia ninayoieleza ingekuwa tofauti. Kilichoingia katika lugha ya watu ni kwamba Kamenge ni mahali pa wenye ibisazi, neno la Kirundi la wazimu. Kwa miaka mingi kituo hicho kilikuwa hospitali pekee ya aina yake nchini, na madaktari bingwa wa akili wamekuwa wa kuhesabika kwa vidole. Hospitali moja kwa taifa zima, hata ikiwa na nia njema kiasi gani, humpokea kwanza yule aliyeishinda familia.

Vita na jina jipya

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka 10. Kamenge yenyewe ikawa uwanja wa mapigano, na mwaka 1995 wakazi wake walikimbia kwa wingi. Hivyo mtaa uliojulikana kwa hospitali ya akili ulikuwa pia miongoni mwa mitaa iliyoumizwa zaidi mjini. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Katika mwaka huohuo shirika la HealthNet TPO lilianza kazi ya afya ya akili nchini, na David Niyonzima, mchungaji wa Kikweka aliyenusurika mauaji ya wanafunzi wake mwaka 1993, alianzisha THARS, taasisi ya uponyaji wa kiwewe na upatanisho.

Kazi ya mashirika haya ilileta badiliko la lugha ambalo wanahistoria wa tiba hawajalipa uzito unaostahili. Neno ihahamuka, lililoenea nchini Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, lilikuwa rahisi kueleweka kwa Warundi kwa kuwa lugha hizi mbili zinasikilizana. Athanase Hagengimana na Devon Hinton (2009) wamelieleza kama hali ambayo mtu hukosa pumzi, hushikwa na woga wa ghafla na hurudishwa katika tukio la kutisha. Wanalihusisha na neno la mapafu. Kwa mara ya kwanza, mtu asiyekuwa na ibisazi aliweza kusema hadharani kwamba nafsi yake ni mgonjwa na asichekwe. Aibu ilipungua kwa sababu kosa halikuwa lake: lilikuwa la vita.

Faida hiyo ilikuwa na bei yake. Jina la kiwewe hudai tukio. Anayeliomba huulizwa kwanza nini kilimpata, na mwenye jibu hufunguliwa mlango. Lakini mama aliyejifungua salama na bado analia kila alfajiri atataja tukio gani? Kijana mwenye shahada ambaye kwa miaka amekosa kazi, na sasa haoni sababu ya kunawa uso, ataingia kwa mlango upi? Huyu hana ibisazi wala hana ihahamuka. Kwa maoni yangu, watu wa aina hii ndio waliopitwa na miaka 25 ya juhudi za afya ya akili mjini Bujumbura. Hakuna aliyewafukuza, ila hawakuwa na neno la kusema mapokezini.

Akabonge

Isidhaniwe kwamba Kirundi hakina neno. Mwaka 2013 Peter Ventevogel na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa katika jamii 4 zilizokumbwa na vita, nchini Burundi, Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kila mahali waliyakuta majina ya wazimu wa wazi: ibisazi kwa Warundi, erisire kwa Wanande wa Kivu ya Kaskazini. Waliyakuta pia majina ya hali zinazofanana na sonona na wasiwasi: akabonge kwa Warundi, na kwa Wanande amutwe alluhire, yaani kichwa kilichochoka. Mwenye akabonge hutambuliwa kwa huzuni isiyoondoka na kwa kujitenga na wenzake. Jirani wanamwona, wanalijua jina la hali yake, wanamhurumia. Lakini uchunguzi ulibainisha jambo ambalo ni kiini cha makala haya: wazimu ulihesabiwa kuwa jambo la kutafutiwa tiba, kwa mganga au hospitalini, ilhali huzuni hii haikuhesabiwa kuwa ugonjwa wa kitabibu. Dawa yake ilikuwa familia, marafiki na ibada.

Kwa nini iwe hivyo? Sehemu ya jibu, nadhani, iko katika desturi ya msiba. Kwa Warundi maombolezo yana hatua zake, na mwisho wake ni sherehe ya kuganduka, ambapo jamii humwondolea mfiwa msiba mbele ya watu na kumruhusu arudi katika maisha. Huzuni ilikuwa na kalenda, na kalenda hiyo ilitunzwa na ukoo. Kwa mfumo huo, kumpeleka mfiwa hospitalini kungekuwa sawa na kutangaza kwamba ukoo umeshindwa kazi yake.

Mfumo huo ulivunjwa mara nyingi. Mwaka 1972, katika mauaji ambayo makadirio yake hutajwa kati ya watu 100,000 na 300,000, familia nyingi hazikupewa miili, wala hazikuthubutu kuomboleza hadharani. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya halaiki mwanzoni mwa mwaka 2020, miaka 48 ilikuwa imepita. Waliokuwa watoto mwaka 1972 walikuwa wameshakuwa wazee. Kwao kuganduka hakukuwahi kufika, kwa kuwa msiba wenyewe haukuwahi kuruhusiwa kuanza. Vita vya 1993 viliongeza misiba mingine juu ya hiyo, na mji ukawapokea waliokimbia vilima wakaacha nyuma jamaa ambao wangewatamkia mwisho wa maombolezo. Chumba cha kupanga Kinama au Buterere hakina ukoo wa kumwondolea mtu msiba.

Kwa wanaume kuna kizuizi kingine, nacho kimehifadhiwa katika methali ijulikanayo sana: amosozi y'umugabo atemba aja mu nda, machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Methali haikanushi kwamba mwanamume hulia. Inataja tu yanakokwenda machozi. Mwanamume wa Bujumbura anayefika kituo cha afya hulalamikia tumbo, kichwa, mgongo, au moyo unaodunda usiku. Hupimwa malaria. Hupewa dawa ya maumivu. Akirudi mara ya tatu huambiwa hana ugonjwa, naye huondoka akiamini hivyo au akiamini amerogwa. Tiba inayofuata huipata kwenye chumba cha maombi, au kwa shehe wa Buyenzi anayemfanyia kisomo. Sidharau msaada huo, maana huko husikilizwa kwa muda mrefu kuliko alivyosikilizwa kituoni. Ila anayeacha kula kabisa, au anayeanza kuona kifo kuwa nafuu, anahitaji pia mtu aliyefunzwa kuitambua hatari hiyo, na asiyeitambua huweza kumpoteza.

Wapo wanaouliza, nami nimeulizwa katika makongamano kama haya: kama jamii imekwisha kuamua kwamba akabonge si ugonjwa, kwa nini sisi tuigeuze kuwa ugonjwa? Swali ni la haki. Uganda inatoa sehemu ya jibu. Katika wilaya za Masaka na Rakai, Paul Bolton na wenzake walianza kwa kuwauliza wanavijiji matatizo yao, wakapata majina 2 ya Kiganda yanayokaribiana na sonona, yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Kisha, katika vijiji 30, waliendesha jaribio la mazungumzo ya tiba kwa vikundi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kabla ya tiba asilimia 86 ya waliotibiwa walikuwa na sonona kali. Baada yake asilimia 6.5. Katika vijiji vya kulinganishia, asilimia 94 ilishuka hadi 54.7. Vikundi viliongozwa na watu wa jamii hiyohiyo waliopewa mafunzo mafupi, wala vidonge havikuhitajika. Nchini Zimbabwe, Dixon Chibanda alijenga mradi wake wa mabenchi ya urafiki juu ya neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Katika miradi yote miwili jamii haikunyang'anywa huzuni yake: jina lilibaki la wenyewe, na tiba ikaja kulifuata.

Kiswahili cha Buyenzi na istilahi za kanda

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingia katika mitaala ya shule. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliongeza Kiingereza kando ya Kirundi na Kifaransa katika orodha ya lugha rasmi. Kiswahili hakikupewa nafasi hiyo. Kwa muda mrefu lugha hii ilibeba dharau nchini, ikihusishwa na ujanja wa mjini, na kumwita mtu Mswahili hakukuwa kumsifu. Hata hivyo ndiyo lugha ya gereji na maduka ya Buyenzi, ya bandari, na ya wageni kutoka Uvira.

Kwa hiyo mgonjwa anayefika kituoni huenda akaeleza hali yake kwa Kirundi au Kiswahili, akajibiwa kwa mchanganyiko, na maelezo yake yakaandikwa kwa Kifaransa. Neno akabonge haliingii daftarini. Likikosekana daftarini halihesabiwi, na lisipohesabiwa hakuna mshauri wa sera atakayelitengea bajeti. Ni Carothers yuleyule, safari hii bila nia mbaya.

Je, Kiswahili cha kanda kitasaidia? Istilahi zilizopo zina matatizo ambayo wanaleksikografia wanayajua. Sonona imeshika Tanzania. Unyogovu husikika zaidi Kenya na katika tafsiri za mtandaoni, na sijakutana na mgonjwa, Bujumbura wala Mombasa, aliyelitumia kujieleza. Msongo wa mawazo umeenea kiasi cha kumaanisha chochote, kuanzia karo ya shule hadi kutaka kujiua. Wasiwasi una historia tamu zaidi: asili yake ni neno la Kiarabu la mnong'ono, na katika sura ya mwisho ya Kurani mnong'onaji ni shetani anayetia maneno vifuani mwa watu. Kwa msikilizaji wa Buyenzi mwenye elimu ya madrasa, kumwambia ana ugonjwa wa wasiwasi ni kumwambia akazidishe dua. Kwa msikilizaji mwingine ni neno la kila siku lisilostahili hata kumtoa mtu nyumbani. Katika hali zote mbili hafiki kituoni.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina wajibu wa kuisanifu lugha kwa ajili ya Jumuiya, na sina ugomvi na sonona ikichaguliwa kuwa istilahi ya ripoti, mitaala na takwimu za kanda. Madaktari wa Arusha na Bujumbura wanahitaji neno moja wanapolinganisha hesabu zao. Ugomvi wangu ni na hatua inayofuata kimyakimya, pale istilahi ya ripoti inapowekwa kwenye bango la kituo cha afya na kwenye kinywa cha muuguzi, kana kwamba mgonjwa ndiye anayepaswa kujifunza istilahi. Bango linalouliza kama una sonona halimwiti mtu wa Bwiza. Bango linalotaja kichwa kilichochoka, usingizi unaokatika saa 9 usiku, mawazo yasiyokoma na kukwepa hata wanao, kisha likatamka kwamba hayo yanatibika na mlango wa kuingilia ni upi, lina nafasi ya kusomwa hadi mwisho. Maneno hayo yapo tayari katika Kiswahili cha mji. Yanahitaji kukusanywa mtaa kwa mtaa, kwa Kirundi na Kiswahili sambamba, na wakusanyaji wawe wauguzi pamoja na watafiti wa lugha, kwa sababu sisi peke yetu hatuwezi kujua ni msemo upi unaoficha hatari na upi ni malalamiko ya siku mbaya. Daftari nalo liongezwe safu moja: maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema.

Muuguzi niliyemtaja mwanzoni hakungoja kazi hiyo ikamilike. Katika nakala yake ya dodoso alilikata neno sonona kwa kalamu, akahamisha swali la usingizi kutoka nafasi yake na kulifanya la kwanza. Kwa viwango vya upimaji hilo ni kosa, nami nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba watu wa kwao wakiulizwa habari za moyo hunyamaza, lakini wakiulizwa wamelalaje, husema yote.